Kona ya Fasihi: "Hadithi naijua yote, mbona alama hazipandi?"

Wiki hizi barua zimenifurika na karibu zote zinahusu kitu kimoja, Julius Caesar ya Shakespeare, tamthilia ambayo watahiniwa wengi wamepangiwa na wengi wanaiogopa bila sababu. Kwa asiyeijua, Brutus, Cassius na wenzao wanamuua Caesar, mtawala wa Roma, alafu Antony, rafiki wa Caesar, anawageuzia umati. Nimechagua chache. Zile zilizouliza "mwalimu, mwaka huu litatoka swali gani" nimeziweka kando, mie si mganga, na hata humo ndani ya tamthilia kuna mtabiri aliyemwambia Caesar ajihadhari na tarehe 15 Machi na mnajua alivyosikilizwa.

*Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha nne, zimebaki wiki sita. Julius Caesar nimeisoma mara nne, naweza kukusimulia kuanzia mafundi wanafukuzwa barabarani mpaka Brutus anajiangusha kwenye upanga. Lakini kwenye mtihani wa majaribio insha nimepata 7 kati ya 20 na rafiki yangu ambaye hata kitabu hajamaliza kapata 13!! Swali lilisema tueleze jinsi Antony anavyofaulu kuugeuza umati kwenye mazishi. Nimejaza kurasa tatu. Nakosea wapi jamani? — Wa Kurasa Tatu*

Marahaba mwanangu. Kosa lako nalijua kwa jina maana lilikuwa langu. Enzi hizo niliandika insha ndefu ya tamthilia, nikasimulia kila kitu kwa mpangilio na kwa mwandiko mzuri kabisa, mwalimu akanirudishia karatasi na pembeni kaandika kwa wino mwekundu maneno mawili tu, "Nami nimekisoma." Hakuna tiki hata moja. Iliniuma wiki nzima.

Msahihishaji anajua kilichotokea. Anataka kujua wewe umeona nini. Sasa tamthilia si hadithi ya kusimuliwa, hakuna msimulizi humo, kuna watu wanaongea tu, na mtu haongei bila kutaka kitu. Kwahiyo kila ukifika kwenye maneno mazito jiulize, huyu anamwambia nani, na ili iweje? Hilo la pili ndo wengi hawajiulizi, na ndiko alama zilikolala.

Tuchukue hilo swali lako lenyewe, tendo la 3 onyesho la 2. Wewe nadhani uliandika Brutus alihutubia kwanza, akaondoka, alafu Antony akahutubia, akasoma wosia, watu wakakasirika wakaenda kuchoma nyumba. Sawa, yametokea. Ila swali lilisema *jinsi anavyofaulu*. Anza na kilichomfunga mikono, Brutus kampa ruhusa kwa masharti, asiwalaumu waliomuua Caesar, na aseme wazi kwamba anaongea kwa ruhusa yao. Yani mtu kaambiwa aongee bila kusema alichokuja kusema. Afanyeje? Anawasifu. Anasema Brutus ni mtu mheshimiwa, alafu anaweka ushahidi mmoja, Caesar aliteka watu na fidia zao zikaingia hazina ya Roma, anarudi kwenye mheshimiwa, anaweka mwingine, Caesar alilia maskini walipolia, anarudi tena, wa tatu, Caesar alipewa taji mara tatu akalikataa mara tatu, na Brutus ni mheshimiwa. Neno ni lile lile, halijabadilika hata herufi, lakini kila likirudi linakuwa limeoza zaidi, mpaka umati wenyewe unapiga kelele kwamba hao ni wasaliti, na Antony wala hajatamka hilo neno. Hicho ndo kinaya, na ukikionyesha hivo hatua kwa hatua huhitaji hata kuandika "mwandishi ametumia kinaya" kama mtu anayesoma orodha ya vitu dukani.

Endelea. Wosia anautaja alafu anakataa kuusoma, ili wao ndo waudai. Joho la Caesar analishika anaonyesha matundu, hapa kachoma Cassius, hapa Casca, hapa Brutus. Sasa subiri kidogo hapo, rudi nyuma onyesho moja. Wakati Caesar anachomwa Antony alikuwa wapi? Trebonius, mmoja wa waliopanga mauaji, alikuwa kamvuta pembeni makusudi asiwepo! Kwahiyo kajuaje tundu lipi ni la nani? Hajui, anabuni, na umati hauulizi. Mwanafunzi akiliona hilo msahihishaji anaweka kalamu chini anatabasamu, nakwambia kwa uzoefu.

Alafu malizia na kitu ambacho hakimo kabisa kwenye onyesho hilo. Wosia unampa kila raia drakma 75 na bustani za Caesar ziwe za watu wote, umati unalia kwa uchungu. Onyesho la kwanza la tendo la 4, Antony kakaa mezani na wenzake, na moja ya mambo anayoagiza ni wosia uletwe waangalie jinsi ya kupunguza gharama zake. Ukiunganisha hizo sehemu mbili umemweleza Antony kuliko kurasa zako tatu. Rafiki yako wa 13 pengine aliona viwili vitatu kama hivi akaviandika kwa ufupi, hana uchawi wowote. Ila naye amalize kitabu.

*Mwalimu habari. Swali la dondoo likisema "eleza muktadha" mimi naandika nani anasema, anamwambia nani, wapi na lini. Basi naishia hapo na sijui kingine cha kuongeza. Tena kuna misemo mizuri nimeikariri, naweza kuipachika popote? — Mtoto wa Dondoo*

Hayo manne yanakufungulia mlango tu, kuingia ndani bado. Ongeza muda mfupi kabla imetokea nini, na muda mfupi baada, na je maneno yenyewe yanasimama au yanaanguka.

Nikupe mfano mmoja unatosha. Kuna maneno maarufu sana ya Caesar kwamba mwoga hufa mara nyingi kabla ya kifo chake na shujaa huonja mauti mara moja tu. Mazuri mno. Nelson Mandela alipokuwa kifungoni Robben Island mfungwa mwenzake alikuwa na kitabu cha kazi zote za Shakespeare, kikazungushwa kwa wafungwa kila mmoja achague kipande anachokipenda aweke sahihi, na Mandela kaweka yake pembeni ya mistari hiyo hiyo tarehe 16 Desemba 1977. Ukijua maisha yake unaelewa kwa nini.

Lakini wewe uko kwenye chumba cha mtihani na muktadha wako ni wa humo ndani. Nani anasema? Caesar. Anamwambia nani? Calpurnia mke wake, aliyeota ndoto mbaya na anamsihi asitoke. Kabla je? Usiku kucha radi, na yeye mwenyewe kamtuma mtumishi akawaulize makuhani. Shujaa gani huyo anaagiza ramli asubuhi asubuhi? Baada je? Mistari michache tu mbele anakubali kubaki nyumbani, anasema Antony akaseme hajisikii vizuri. Alafu anaingia Decius, mmoja wa waliopanga mauaji, anaipindua ile ndoto iwe ya baraka, anadokeza kwamba baraza la Seneti limeamua kumvika taji siku hiyo, na Caesar anadai joho lake atoke. Mtu kabadilika mara mbili ndani ya onyesho moja baada ya kusema maneno ya shujaa. Sasa hayo maneno bado ni ya ushujaa? Au ni ya mtu anayejitia ushujaa mbele ya mkewe? Mie naona la pili, mwingine ataona la kwanza, vyote vinapata alama mradi umeonyesha.

Kwahiyo kuhusu kupachika misemo popote, hapana. Kariri vipande vifupi, maneno matatu manne hivi, na kila kimoja ukikariri na jina la aliyesema, aliyeambiwa, na kilichofuata. Kipande kirefu unakisahau katikati alafu unaanza kubuni.

Na kingine, humu maelekezo ya jukwaani ni machache sana, mengi yamefichwa ndani ya maneno. Caesar anamwambia Antony apite upande wake wa kulia kwa sababu sikio la kushoto halisikii. Yani tumejua kwamba mtu aliyetoka tu kujisifu kuwa haogopi kitu ana sikio bovu, na tumejua waigizaji wanasimama vipi. Mstari mmoja!

*Eti ni lazima niandike historia ya London ya 1599 na ya Roma? Mwalimu wetu ametupa notsi kurasa 11 za historia peke yake. — Nimechoka*

Pole. Kurasa 11 ni nyingi, simsemi mwalimu wako ila ni nyingi.

Unachohitaji ni kidogo na kifanye kazi. Kuna mgeni kutoka Uswisi, Thomas Platter, alitazama tamthilia ya Julius Caesar jijini London tarehe 21 Septemba 1599, kwahiyo tunajua wakati huo ilikuwa inachezwa. Malkia Elizabeth I alikuwa na miaka 66, hana mtoto, na swali la nani atarithi lilikuwa halisemwi kwa sauti. Sasa watazamaji hao wanaona jukwaani watu wanamuua mtawala wakidhani wanaokoa nchi, na matokeo yake ni vita. Sentensi moja ya hivo ukiifunga kwenye hoja yako kuhusu madaraka inatosha kabisa. Ukiandika aya nzima ya historia isiyogusa swali, hiyo ni aya uliyoandika bure.

Upande wa Roma, jua tu kwamba Shakespeare alichota kwa Plutarch, mwandishi wa kale wa Kigiriki, kupitia tafsiri ya Kiingereza ya Thomas North ya 1579, na kwamba kabana muda. Pale Philippi, Brutus na Cassius waliposhindwa vita, yalikuwa mapigano mawili yaliyopishana wiki kadhaa, yeye kayafanya siku moja. Kwa nini? Jukwaa halina subira. Ile saa inayogonga wakati wapanga njama wanakutana kwa Brutus, wakati Roma hawakuwa na saa za kugonga, usiitolee aya, walioicheka wametutangulia miaka mingi.

*Dada mwalimu, nina kijana anafanya mtihani mwaka huu. Kitabu hafungui. Anaangalia video za dakika kumi, anaiuliza akili mnemba maswali, inamwandikia na insha nzuri tu, akisemeshwa anasema ndo kusoma kwa kisasa. Mimi fasihi sikusoma hivyo nashindwa hata kumbishia. — Mama Mtahiniwa*

Dada yangu, huhitaji kusoma fasihi kumbishia, muulize swali moja tu, "Cinna mshairi alikufa kwa kosa gani?" Akijibu vizuri mwache. Akikuambia Cinna ni mmoja wa waliomuua Caesar basi umemkamata, kuna Cinna wawili.

Ni onyesho dogo sana, tendo la 3 onyesho la 3, video nyingi za haraka zinaliruka. Umati uliotoka kumsikiliza Antony unakutana njiani na mshairi mmoja, wanamuuliza jina, anasema Cinna, wanasema ni mhaini. Anajitetea mimi ni Cinna mshairi, si yule. Mmoja anapiga kelele basi auawe kwa mashairi yake mabaya! Unacheka alafu kicheko kinakukwama kooni. Hapo ndo unaona hotuba nzuri ya dakika chache zilizopita imezaa nini. Anayelikosa onyesho hili anaandika insha nzima kwamba Antony ni msemaji hodari, nukta.

Video sizikatai. Kuona waigizaji kunasaidia mno, hii kitu iliandikwa ichezwe, kwahiyo atazame mchezo wenyewe mzima na kitabu kiwe mkononi. Akili mnemba nayo inaweza kumfafanulia neno gumu. Shida ni mistari, nimeshakutana na insha zilizonukuu maneno ambayo hayamo kwenye tamthilia kabisa, mazuri, yana ladha ya kale, na hayamo. Kila nukuu atakayopewa aitafute kwenye kitabu kwa macho yake.

Na wewe unaweza kumsaidia. Chukueni tendo la 4 onyesho la 3, pale Brutus na Cassius wanagombana hemani, yeye awe Brutus wewe uwe Cassius, msome kwa sauti. Ni ugomvi wa marafiki wawili juu ya pesa na nani kamkosea nani, yani ugomvi ambao kila mtu mzima anaujua. Ukikosea matamshi haijalishi. Utashangaa ukimuuliza mwishoni "sasa huyu Brutus mbona anajiona msafi hivyo na pesa hizo hizo anazitaka" atakavyoanza kujieleza, na huko kujieleza ndo insha yenyewe.

*Mwalimu, ni kosa kusoma tafsiri ya Kiswahili wakati mtihani ni wa Kiingereza? Wenzangu wananicheka. — Mpenda Lugha*

Wanakucheka kwa lipi? Julius Nyerere aliitafsiri tamthilia hii na ikatoka 1963 akiwa Rais wa Tanganyika, alafu akaipitia upya, toleo lililorekebishwa likatoka 1969 kwa jina Juliasi Kaizari. Mtu mwenye nchi nzima ya kuendesha kaona bado kuna mistari inahitaji kukaliwa tena kitako. Isome, tena weka vitabu viwili sambamba. Pale Kiswahili kinapokushangaza rudi kwenye Kiingereza uone neno lenyewe lilikuwa lipi na kwa nini kachagua hilo. Ila kwenye karatasi nukuu za lugha ya mtihani, usitafsiri tafsiri.

*Mhusika mkuu ni nani, Caesar au Brutus? Tumegombana darasa zima. — Darasa Zima*

Caesar anauawa mwanzoni mwa tendo la 3, Brutus ana maneno mengi kuliko wote, kwahiyo wengi husema Brutus, nami niko huko. Lakini mliosema Caesar msikate tamaa, mzuka wake unamtokea Brutus, na Cassius na Brutus wote wanakufa wakilitaja jina lake. Swali likija msijibu kwa jina, jibuni kwa "kwa sababu". Endeleeni kugombana, ndo mazoezi.

*Mwalimu nisaidie nina wiki 2 tu na sijasoma hata ukurasa. Usinigombeze. Nikariri insha za watu? — Nimechelewa*

Sikugombezi, ila insha za watu usikariri. Insha ya kukariri inajibu swali la mwaka ule, si lako, na msahihishaji ataiona imerudi kwenye karatasi ishirini za kituo kimoja.

Siku tatu za kwanza soma yote harakaharaka bila kuandika chochote, na usipoelewa mstari pita tu. Alafu rudi kwa hizi na ukae nazo (namba ya kwanza ni tendo, ya pili onyesho), 1.2 Cassius anavyomchimba Brutus, 2.1, 3.1, 3.2, 4.3, na 5.3. Hiyo ya mwisho ni fupi, Cassius macho yake hayaoni mbali, anamtuma mtumishi wake Pindarus aangalie kutoka juu kilimani, Pindarus anaona Titinius, rafiki wa Cassius, kazungukwa na wapanda farasi anadhani katekwa, kumbe ni watu wao wanampongeza. Cassius anajiua kwa habari ya uongo. Ukiisoma hiyo alafu ukakumbuka ndoto ya Calpurnia ilivyopinduliwa, na barua za kughushi ambazo Brutus alitupiwa dirishani akaamini ni sauti ya wananchi, una insha nzima mkononi kuhusu watu wanaosoma ishara jinsi wanavyotaka. Seneta Cicero kalisema hilo mapema tu, kwenye 1.3, ukakiangalie mwenyewe kipande hicho.

Wiki ya pili kila siku jibu swali moja kwa mkono, kwa saa, bila kitabu, alafu fungua kitabu ujisahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine. Mkono nao unahitaji mazoezi, wengi wanajua majibu na muda unawaishia.

Leo usiku anza na ile ya Brutus peke yake bustanini, 2.1. Angalia anavyoanza, anaanza na uamuzi kwamba Caesar lazima afe, alafu ndo anatafuta sababu, na sababu yenyewe ni kitu ambacho Caesar *bado hajafanya*, ndo maana anamwita yai la nyoka. Isome kwa sauti mara mbili. Kama unaona aibu funga mlango.